Mkono Usiofika Sikioni Usimzuie Mwanao wa Kiume

Ukifundisha darasa la kwanza miaka mingi kama nilivyofundisha mimi hapa Tanga, unawajua wazazi wa Januari kabla hawajasema neno. Mama mwenye binti anakuja naye, sare imepigwa pasi, nywele zimesukwa. Mwenye mvulana wa umri uleule, mara nyingi anakuja peke yake kuniuliza: "Mwalimu, huyu wangu si anaweza kusubiri mwakani? Bado ana utoto."

Mlete huyohuyo na utoto wake. Mvulana aliyetimiza miaka 6 aanze darasa la kwanza mwaka huo, na mwaka uliotangulia awe amekaa darasa la awali. Utoto ndio kazi yangu. Sijawahi kupokea mtu mzima darasa la kwanza.

Najua hii "miaka 7" inayotajwa mitaani kwetu, Ngamiani na Makorora, imetoka wapi. Bibi na babu zetu wa enzi ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza 1977 baada ya Azimio la Musoma la 1974, waliambiwa saba, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha miaka saba. Sera imeshabadilika na mtaala mpya umeanza Januari 2024, lakini bibi bado anashikilia saba. Na kwa mjukuu wa kiume, saba hiyo huvutwa hadi nane au tisa, kwa sababu "wanaume hukomaa taratibu". Dada yake hacheleweshwi hivyo. Anaonekana ana akili kwa kuwa anatumwa dukani na chenji inarudi.

Halafu kuna kile kipimo cha sikio. Wengi wetu tuliandikishwa nacho: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Ukifika, umeiva. Usipofika, rudi nyumbani. Miaka ile vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vichache, kwa hiyo siwalaumu waliokitumia. Ila tuangalie kinapima nini. Kinapima urefu wa mkono. Mtoto aliyedumaa kwa lishe duni tangu tumboni na miaka yake miwili ya mwanzo ana mkono mfupi, na anaweza kuwa na miaka saba kamili huku vidole vikiishia utosini. Hapo ndipo wavulana wanapoumia zaidi, maana tafiti za nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zimeonyesha kwamba wavulana wadogo hudumaa kuliko wasichana. Watafiti wawili, Paul Glewwe na Hanan Jacoby, walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wao wa Ghana kuhusu watoto wanaochelewa kuanza shule, wakaona mchango mkubwa wa utapiamlo wa utotoni. Mzazi anamtazama mtoto, anaona mwili mdogo, anasema hajafika umri. Kumbe umri umefika, mwili ndio umebaki nyuma.

Kwa hiyo, mama, achana na sikio, fungua kadi ya kliniki. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa pale. Na kama mwanao ni mdogo wa umbo, hiyo ni sababu ya kuangalia sahani yake: dagaa wa kusaga kwenye uji, mbaazi, yai likipatikana, maziwa. Kumbakiza nyumbani mwaka mzima anacheza mchangani hakumrefushi hata inchi.

Hasara ya kuchelewa haionekani darasa la kwanza. Mvulana wa miaka tisa kati ya wa miaka sita anafurahi mwanzoni. Ndiye kiranja, ndiye anayefuta ubao, anajua kufunga kamba za viatu. Tatizo linakuja mbele. Elimu ya msingi ikiwa miaka sita, aliyeanza na sita anamaliza akiwa na miaka kumi na miwili hivi. Wa tisa anamaliza karibu kumi na tano, sauti imeshakuwa nzito, na anaona haya kusoma kwa sauti mbele ya watoto. Wakati huohuo kule Deep Sea na Sahare kuna mtumbwi unaohitaji mtu wa kuvuta nyavu, na jioni anapewa samaki na pesa ya mkononi. Mkulima wa Muheza naye anahitaji wa kubeba machungwa. Huyo kijana hafukuzwi na mtu, anaondoka mwenyewe.

Haya si ya Tanga tu. Lesotho wavulana hupelekwa malishoni kuchunga, na kwa miaka mingi darasani wasichana wamekuwa wengi kuliko wao. Ripoti ya UNESCO ya 2022 ilihesabu wavulana milioni 132 duniani, wa umri wa msingi na sekondari, walio nje ya shule. Nyingine ni hii ya takwimu: ukisikia nchi imeandikisha zaidi ya asilimia 100 darasa la kwanza, usishangilie haraka. Hesabu hiyo inachanganya watoto wa umri wowote walioingia mwaka huo, wakiwemo waliochelewa, kisha inawalinganisha na idadi ya wenye umri wa kuanza peke yao. Hapa kwetu ada zilipofutwa 2002, na elimu bila malipo ilipoanza 2016, tulifurikiwa na wa kila kimo. Hesabu inayosema ukweli ni ile ya walioingia kwa umri wao, nayo huwa chini zaidi.

Kuna wanaoniambia, "Amalize kwanza juzuu yake chuoni." Chuo cha Kurani nakiheshimu, nimesoma huko. Lakini mtoto anayeweza kukaa mbele ya maalimu akashika alifu, bee, tee, basi ameshaonyesha kwamba anaweza kukaa mbele yangu akashika a, e, i. Asubuhi shule, jioni chuo, wengi wanafanya hivyo na hawapungukiwi kitu. Na jando, kama halijafanyika, lisubiri likizo ya Desemba.

Uandikishaji huanza miezi ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo usisubiri shule zifunguliwe. Nenda na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa. Kama cheti hakipo, anza kukifuatilia RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, sasa, ila usikae nyumbani ukikingoja. Ukiambiwa nafasi zimejaa, muulize mwalimu mkuu kwa adabu ni shule gani ya jirani ina nafasi, na jibu likikosekana panda kwa afisa elimu kata. Baba aende pia. Nimeona mara nyingi baba akifika mwenyewe, yule mvulana haachwi tena.

Na kama wako ameshapita tisa au kumi, ulizia MEMKWA. Ni mpango wa serikali kwa waliopitwa na umri wa kuandikishwa, na wapo waliotokea huko wakaingia madarasa ya kawaida na wenzao. Uliza kwa afisa elimu kata madarasa yake yako shule ipi, umpeleke wiki hiyohiyo.