Mbona damu nyeupe? Ushauri kabla hujaitazama Sin City

"Anko, mbona damu yake nyeupe?"

Aliyeniuliza ni mpwa wangu, wakati huo ana miaka 9. Ilikuwa Jumamosi usiku, tumekaa sebuleni kwa dada, na muvi nimekuja nayo mimi mwenyewe kwenye flashi. Nilichojua ni kwamba imetokana na kitabu cha katuni, nikaona mtoto naye akae aburudike. Kabla sijapata jibu la kumpa, dada akatokea jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. "Kaka, ndiyo muvi gani hiyo unamwonyesha mtoto?" Nikaizima. Mtoto akaenda kulala, swali lake likabaki na mimi.

Basi nianzie hapo, kwa mzazi, mjomba au shangazi yeyote anayesoma: neno katuni lisikudanganye. Mchoraji Frank Miller alianza kuzitoa hadithi za Sin City mwaka 1991 akiwaandikia watu wazima. Filamu ilipotoka mwaka 2005 iliwekwa daraja la R kule Marekani, maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mlezi. Ndani yake kuna mtu anayeteka watoto wa kike, kuna watu wanaokatwa viungo, kuna vichwa vinavyobebwa mkononi. Mtoto asiwepo chumbani hata kama amejifunika shuka anajifanya kalala.

Kosa langu la pili usiku ule lilikuwa rimoti. Picha niliiona ina giza mno, nikapandisha mwanga wa TV mpaka mwisho. Weusi wote ukageuka rangi ya majivu, na nilichokuwa nikitazama hakikuwa tena filamu waliyoitengeneza. Nilipoirudia wiki mbili baadaye nilikuwa peke yangu, taa nimezima, mwanga wa TV nimeurudisha chini. Ndipo nikaziona plasta usoni kwa Marv, mmoja wa wahusika wakuu, nyeupe zinang'aa gizani wakati uso wenyewe umemezwa na kivuli. Nikaiona miwani ya Kevin, yule muuaji asiyesema neno: vioo viwili vyeupe, macho hayaonekani kabisa. Ukiipata nakala hafifu, iliyorekodiwa vibaya, afadhali usubiri upate nzuri. Hii si muvi ya kufuata maneno huku unapika.

Damu nyeupe nilikuja kuielewa nilipokipata kitabu. Miller anachora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na kijivu karibu hakitumii kabisa. Asipopaka wino, inabaki karatasi. Kwa hiyo mvua ni karatasi, plasta ni karatasi, na damu mara nyingi ni karatasi. Robert Rodriguez, mwongozaji wa filamu, hakutaka kuigeuza michoro hiyo iwe filamu ya kawaida. Alitaka ukurasa wenyewe utembee. Waigizaji aliwasimamisha mbele ya kitambaa cha kijani kwenye studio yake mjini Austin, Texas, na mitaa na kuta nyingi zikaongezwa baadaye kwa kompyuta. Kamera zilichukua rangi zote, kisha rangi zikaondolewa na kurudishwa pale tu walipotaka: gauni jekundu la mwanamke wa mwanzo kabisa, kitanda chekundu cha umbo la moyo, na yule mhalifu wa njano ambaye hata damu yake ni ya njano.

Namheshimu sana Rodriguez kwa jambo moja. Miller alikuwa hataki kuiachia kazi yake Hollywood, kwa hiyo Rodriguez akapiga kwanza kipande kifupi, kile cha waigizaji Josh Hartnett na Marley Shelton barazani juu ya ghorofa, amwonyeshe inawezekana. Miller akakubali. Halafu Rodriguez akataka jina la mchoraji liandikwe kama mwongozaji mwenzake. Chama cha waongozaji cha Marekani kikasema kanuni haziruhusu. Akajitoa kwenye chama, na majina yote mawili yakabaki.

Ukianza kuitazama, usihangaike na mpangilio wa matukio. Nancy unamwona mwanzoni ni mtoto wa miaka 11, halafu unamkuta mtu mzima anacheza kwenye baa ya Kadie wakati wa hadithi ya Marv, kabla hujaelezwa chochote. Vumilia. Hartigan, yule polisi mzee wa Bruce Willis, atarudi, na sehemu yake ndiyo iliyonishika koo.

Sasa linalonisumbua. Kuna mahali Marv anamfunga Kevin, anamkata viungo na kumwachia mbwamwitu, na Kevin halii, anatazama tu. Mara ya pili nilipoitazama sehemu ile niligundua kwamba nilikuwa nimetulia kabisa, nasifia vivuli. Mtu anateswa, mimi nahesabu mistari ya mwanga! Damu ikiwa nyeupe, mwili hausisimki. Nilisimamisha filamu nikatoka nje kupunga upepo. Nakushauri uwe na mtu mzima mwenzako wa kuzungumza naye ukifika hapo, kwa sababu peke yako unaweza kupita bila kujua umepita wapi.

Na wanawake. Gail ana bunduki, Miho ana panga, wanailinda mitaa yao wenyewe, hilo nalikubali. Lakini karibu wote ni makahaba, au mcheza baa, au mtu wa kuuawa ili mwanamume apate hasira ya kulipiza. Dada aliniambia hivyo baada ya kutazama nusu saa tu, na sikuwa na la kumpinga. Filamu ya pili ya Sin City, ya mwaka 2014, kwangu haifikii hii, kwa hiyo usiikimbilie.

Mpwa wangu sasa ana miaka 14. Muvi bado sijamwonyesha. Ila mwezi uliopita nilikichukua kitabu, nikamfunulia kurasa za Marv akitembea kwenye mvua, hizo tu. Akapitisha kidole kwenye ile michirizi myeupe, akaigeuza karatasi kuangalia nyuma, akairudisha. "Kumbe hapa hajachora kitu," akasema.