Jibu: Kupima kina cha taka katika jaa la Gioto kwa mitetemo

Ndugu, umeuliza kama upimaji wa mitetemo unaweza kuonyesha kina cha taka za Gioto, hapa Nakuru, bila kuchimba visima. Unaweza, ila si mahali pote.

Geofoni 24, yaani vifaa vidogo vya kunasa mitetemo vinavyochomekwa ardhini kwa mwiba, hupangwa kwa mstari, moja kila baada ya mita 2, kisha bamba la chuma hupigwa kwa nyundo nzito na kupimwa muda ambao mtetemo unachukua kuifikia kila moja. Katika taka zilizolegea mtetemo husafiri mita mia chache tu kwa sekunde, ilhali katika mwamba imara huzidi mita 2,000, na tofauti hiyo ndiyo inayofichua mpaka kati ya taka na mwamba. Mstari kama huo huona takriban mita 10 chini.

Kinachonipa wasiwasi ni miteremko yenyewe ya Menengai, volkano ambayo jaa liko juu yake, kwa kuwa ina majivu ya volkano na pumisi (mawe mepesi yenye vitundu), ambamo mtetemo unaweza kwenda kwa kasi inayokaribiana na ile ya taka zilizoshindiliwa, hivyo mpaka ukafifia. Tena, juu ya taka bamba hudidimia katika plastiki na matambara, na mwiba wa geofoni haushiki. Ni afadhali kuanzia kwenye udongo mtupu pembeni na kuingia jaani polepole.

Kuhusu maji machafu yanayovuja kutoka kwenye taka, mtetemo hukaribia mita 1,500 kwa sekunde penye ardhi iliyojaa maji, lakini hautofautishi safi na chafu. Kwa hilo, ongeza upimaji wa ukinzani wa umeme, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita, kwenye mstari uleule.