Jamii ya Kiislamu itazamwe pia sokoni

Ndugu uliyeuliza kama jamii iliyolelewa na Uislamu hutambulika kwa mavazi na swala pekee, mimi wa hapa Mumias ningekuomba uitazame pia sokoni. Sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na aya ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, inaagiza deni la muda liandikwe mbele ya mashahidi, na mdaiwa asiyejiweza asemewe na msimamizi wake kwa uadilifu. Zaka nayo, asilimia 2.5 ya fedha zilizofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachotolewa zaka, na kutimiza mwaka, ni haki ya maskini wala si hisani ya tajiri, na hili, kwa maoni yangu, ndilo tunalolisahau mno. Wema kwa jirani hauulizi dini yake.