Jibu: Farasi wa mbao hayumo kwenye Iliad yangu
Habari ndugu. Umeimaliza Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troia, bila kukutana na farasi wa mbao (ambaye Wagiriki walijificha ndani yake ili kuingia Troia) wala kifo cha Achilles, shujaa wao mkuu, ukadhani nakala imekatwa. Kwanza tazama mwisho: ukiishia mazishi ya Hector, shujaa wa Troia, kitabu cha 24, nakala yako ni kamili.

Farasi yumo Odyssey, utenzi mwingine wa Homer. Mimi huanzia kitabu cha 4: Helen, mwanamke aliyesababisha vita, anamzunguka mara tatu akimpapasa, akiwaita mashujaa wa Kigiriki waliomo ndani kwa sauti za wake zao. Mmoja karibu aitikie, mwenzake Odysseus akamziba mdomo! Kitabu cha 8 mwimbaji Demodocus anaimba kisa hicho. Kwa kirefu, soma Aeneid ya Virgil, kitabu cha 2, ila huyo Mrumi yuko upande wa Watroia.

Achilles kuchovywa mto Styx, mto wa kuzimu, ili asidhurike, usikutafute kwa Homer. Kumo kwa Statius, mshairi mwingine Mrumi.