Umeinua Hilux mbele? Soma hapa kabla hujanunua matairi makubwa

Wakuu, watu wengi wakiiona gari yangu hapa Mafinga wananiuliza hizo tairi saizi gani na zimeingiaje bila kukata kitu. Ni 265/70R17, rimu ileile iliyokuja na gari. Ila kabla ya hizo nilinunua seti kubwa zaidi nikaja kuiuza kwa hasara ndani ya miezi minne, na sitaki mwingine apoteze hela hivyo.

Gari ni Hilux Revo 2.4, gia za mkono. Hizi pikapu zinatoka kiwandani pua imeinama kidogo na nyuma iko juu, makusudi kabisa, ili ukipakia mzigo springi za nyuma zishuke gari ikae sawa. Mimi nikaweka spesa juu ya shokapu za mbele, pua ikapanda kama inchi 2, gari ikakaa levo na ikapendeza kweli. Sasa ukishafanya hivyo unaona uwazi mkubwa pale juu ya tairi, tairi ya kampuni inaonekana ndogo, unaanza kusema hapa hata tairi ya inchi 33 inaingia.

Huo uwazi usiuamini hata kidogo. Ni wa gari ikiwa imesimama. Spesa inainua bodi tu, haipanui kule ndani tairi inakokaa, kwaiyo ukidumbukia kwenye shimo springi ikaminywa, tairi inapanda mpaka palepale ilipokuwa inafika zamani, tofauti ni kwamba saa hizi ni kubwa. Alafu sehemu inayogusa kwanza mara nyingi sio juu, ni ile plastiki ya ndani nyuma ya tairi na kona ya bampa pale unapokata stering mpaka mwisho.

Mimi nilifunga 285/70R17. Fundi akakata stering kushoto kulia pale gereji, haikugusa popote, nikalipa nikaondoka. Lami mpaka Iringa safi kabisa. Wiki iliyofuata nimeingia shambani, nyuma kuna magunia ya viazi, nakata kona huku tairi ya mbele inashuka mtaroni, nasikia krrrr, nashuka naangalia plastiki imeshachanika. Kwaiyo ukienda kujaribu saizi mwambie fundi apandishe tairi moja ya mbele kwenye tofali kubwa au ukingo ili springi iminywe, ndo akate stering mpaka mwisho. Hapo ndo utajua ukweli.

Hesabu yake ni nyepesi, ifanye kabla hujaenda dukani. Kwenye 265/65R17, saizi iliyokuja na gari, 265 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya huo upana ndo urefu wa ukuta wa tairi, 17 ni rimu kwa inchi. Ukuta milimita 172 mara mbili jumlisha rimu 432 (inchi 17 mara 25.4) unapata kimo cha tairi kama milimita 776. 265/70 inakupa 803, 285/70 inakupa 831. Yani ile niliyofunga ilikuwa kubwa kwa asilimia 7, dashbodi ikisoma 50 wewe uko 53 na nusu, na trafiki wa tochi pale kijijini hataki kusikia habari za saizi ya tairi. Hiyo asilimia 7 ni kama umerefusha gia zote pia. Mlima Kitonga nilikuwa napanda na mzigo gia ya tatu vizuri tu, na zile tairi nikawa nashinda kwenye ya pili injini inalia, na breki nazo nikizisikia zinachelewa kidogo sababu tairi yenyewe ni nzito.

Spea nayo watu wanaisahau. Nunua tano, sio nne, na hakikisha ya tano inaingia kule chini ya bodi. Ukipata pancha ukafunga spea ndogo upande mmoja wa ekseli, difu (zile gia za kwenye ekseli zinazoruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti) inafanya kazi muda wote, na ukiweka 4x4 ndo unaumiza kabisa.

Ukishainua mbele, wili alaimenti ni lazima, hata kama stering haivuti, la sivyo tairi mpya zinaliwa upande mmoja. Usidanganywe kununua rimu za kutokeza nje ukidhani unapata nafasi, tairi ikitokeza nje inazunguka duara pana zaidi na ndo inaenda kugonga bampa. Na kama unabeba mzigo kila siku mimi ningekushauri uinue inchi moja tu, sababu ukiweka levo kabisa alafu ukapakia, nyuma inashuka pua inatazama juu na taa zako zinawapofusha wenzako usiku.

Mwisho angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba ya uzito. Revo yangu ilikuja na 112, maana yake tairi moja inabeba kilo 1120, usishuke chini ya hapo hata kama bei ni nzuri. Tafuta pia namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019, na tairi iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kukupasukia ikiwa na kashata zote. Mimi nilikataa seti mbili kwa ajili ya hizo namba, muuzaji akanuna, ya tatu ndo nikafunga.