Hawa wazee ni nani kwetu

Mwanangu,

Jana kwenye simu umeniuliza, tena kwa ukali kidogo, kwa nini kwenye listi ya wageni wa harusi yako nimeandika wazee kumi na wawili wa muziki wa Cajun, wale watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, kutoka miji ya Eunice na Mamou, wakae meza ya familia wakati mjomba wako wa Toronto nimemuweka nyuma. Nikasema ntakuandikia maana kwenye simu ungenikata.

We ulikuwa na miaka minne tulipohamia Lafayette, huku Louisiana, Marekani, simjui mtu hata mmoja. Jumamosi moja asubuhi mwenzangu wa kazini akanichukua mpaka Eunice kwenye duka la Marc Savoy, yule fundi wa kodiani, nakuta watu wamekaa duara, gitaa, fidla, kodiani, nikaganda mlangoni. Kodiani na fidla! Babu yako alikuwa akipiga kodiani kwenye taarab kule Unguja, mi nimekua nalala na sauti ile. Sema ya kwao ndogo, vitufe kumi tu mkono wa kulia, ukisukuma kinatoa sauti hii, ukivuta kilekile kinatoa nyingine, kwahiyo hata kale kadogo nilikokajua kwa mzee hakakunisaidia kitu.

Bibi mmoja akanipa pembetatu ya kugonga. Ni chuma tu kimekunjwa, zamani walikuwa wanatumia meno ya zile reki kubwa za kukusanyia nyasi. Utasema kazi ya mtoto, ngoja uharakishe kidogo uone walzi nzima inavyoyumba na watu wanavyokugeukia. Miezi na miezi nikagonga kile kichuma, hamna aliyeniuliza natoka wapi mpaka mkono ulipotulia, ndo maswali yakaanza, watoto wangapi, mkeo hajambo, mnakula nini. Aliposikia hatuli nguruwe yule bibi akaanza kupika gumbo, ule mchuzi mzito wa kwao, sufuria mbili, yetu ya kuku tupu na mwiko wake mbali, na mpaka leo miaka 19 hajawahi kuchanganya. Mama yako alipolazwa si kwake ulilala wiki mbili? Alikuwa anakubembeleza kwa Kifaransa. Densi zao zenyewe zinaitwa fais do-do, yaani lala mtoto, maana watoto walikuwa wanalazwa chumba cha pembeni wakubwa wakicheza mpaka usiku mkubwa.

Muziki wao unapita ndani ya nyumba hivyohivyo. Zamani mtoto akisema Kifaransa shuleni anaadhibiwa, basi lugha ikabaki jikoni na kwenye nyimbo. Ndugu wa Balfa, wale wa bendi ya Cajun, walikulia kwenye muziki wa baba yao, mkulima wa shamba la mtu. 1979 Will na Rodney wakafa ajali ya gari, ndugu yao Dewey akaendelea kupiga, na alipofariki 1992 binti yake Christine akashika.

Usidhani upande wa pili, wa ubaguzi, siujui. Amédé Ardoin, mpiga kodiani mweusi mwenzetu, alirekodi 1929 na Dennis McGee, mpiga fidla mzungu, walikuwa wakipiga pamoja kwenye majumba ya watu. Baadae Amédé akapigwa vibaya sana, wanasema kisa mwanamke wa kizungu alimpa kitambaa afute jasho, akafia hospitali ya wagonjwa wa akili Pineville 1942. Alonihadithia ni yule mzee wetu wa fidla, mzungu, bila kupamba. Nikamuuliza, na wazee wenu walifanya nini? Akanyamaza, akafunga fidla yake, akanisindikiza mpaka kwenye gari. Angejitetea nisingerudi tena Eunice, wallahi.

Alafu babu yako alipofariki kule nyumbani, mi sina nauli ya kwenda kuzika. Mjomba wako alipiga simu, namshukuru. Hawa walikuja, wamevua viatu, wamekaa mkekani na khitma hawaijui, mmoja kaniuliza kwa kunong'ona kama inaruhusiwa kulia.

Kwahiyo panga meza. Yule bibi goti linamsumbua, muweke karibu na mlango wa jikoni, mbali na spika za DJ. Na kodiani wanakuja nayo, nishawaambia ndiyo.

Baba