Je, hukumu ya zamani inanizuia kusomea uuguzi Uingereza?

Swali: Ninaishi Leicester, nina umri wa miaka 28 na ninafanya kazi ghalani. Nilipokuwa na miaka 20 nilitiwa hatiani kwa kuiba nguo dukani, nikatozwa faini nikailipa. Sasa nataka kuomba chuo nisomee uuguzi, na rafiki zangu wanasema nisiitaje hukumu hiyo kwa kuwa muda wake umekwisha. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, rafiki zako wamekupa nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kukuponza. Kwa sheria ya mwaka 1974, hukumu ya faini kwa mtu mzima huisha muda baada ya mwaka mmoja, na mwajiri wako wa ghalani huna wajibu wa kumweleza. Uuguzi, hata hivyo, haumo katika kinga hiyo, kwa sababu humweka mtu karibu na wagonjwa wasioweza kujitetea. Ndiyo maana chuo kitadai cheti cha ukaguzi wa kina cha DBS, idara ya serikali inayokagua rekodi za uhalifu. Katika England na Wales, hukumu ya mtu mzima isiyo ya kifungo, kwa kosa lisilo katika orodha maalumu ya makosa mazito, huacha kuonyeshwa katika cheti hicho baada ya miaka 11. Wizi wa dukani haumo katika orodha hiyo, lakini tangu hukumu yako imepita miaka 8 tu. Itaonekana, kwa hiyo itaje.

Sikushauri ungoje miaka 3 iliyosalia. Kosa lenyewe halikufungii mlango, kwani kamati ya chuo hupima uzito wake, umri wako wakati ule na ulivyoishi tangu hapo. Kuficha ndiko kunakoharibu: baraza la wauguzi, NMC, hudai uadilifu kabla ya kukusajili, na uongo katika fomu ni kosa jipya la mtu anayeomba kukabidhiwa funguo za kabati la dawa.

Nimesoma barua nyingi za maelezo, na ile inayoanza na “lilikuwa kosa dogo la ujana” hunitia shaka papo hapo. Andika waziwazi: “Nilichukua suruali mbili bila kulipa, nikakamatwa mlangoni.” Ongeza tarehe, mahakama na kiasi cha faini, kisha eleza kilichobadilika maishani mwako, na uambatishe barua ya msimamizi wako. Ikiwa tarehe huikumbuki sawasawa, omba kwanza nakala ya rekodi yako ya polisi, ili barua yako na cheti visije vikapingana mbele ya kamati.